Nilivyoacha kudai hoja sita

Mwalimu wa Uchumi wa kidato cha tano na sita humtambua mwanafunzi aliyemeza madesa kabla hata ya kumaliza ukurasa: hoja sita, kila moja mistari mitatu, sawa na za jirani yake. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewazoesha, maana mtihani unalipa hoja.

Nilijishtukia Januari 2024. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, kilo ikafika shilingi 4,000 na zaidi. Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Nikauliza kidato cha sita: bei ikiwekwa chini ya ile ya soko, nini hutokea? Mikono ikajaa. Upungufu, foleni, magendo. Wakataja vyote, kwa Kiingereza safi. Nikauliza tena: je, Mangi, mwenye duka la nje ya geti, ana sukari leo? Kimya. Kisha mmoja: "Mwalimu, hiyo ni ya mtaani, hii ni ya kitabu."

Kesho yake niliwatuma madukani, lakini kwanza kila mmoja aliandika anachotarajia kukuta na kwa nini. Usiruke hatua hii; wakirudi bila maandishi, wote watadai walijua tangu mwanzo. Wengi waliandika kwamba wenye maduka ni walafi, wanaficha mali. Walikuta kweli sukari "imeisha" kwa mgeni huku mteja wa kila siku akipimiwa nusu kilo. Ila muuzaji mmoja aliwaonyesha risiti ya jumla: alinunua kwa bei iliyozidi ile anayotakiwa kuuzia. Hapo ulafi ukawa haujibu tena kila kitu. Binti mmoja akauliza, bila bei elekezi mama yake angekunywa chai na nini? Wakabishana kipindi kizima.

Walibishana kwa Kiswahili, na niliwaacha. Tunafundisha Uchumi kwa Kiingereza, na mtoto anayehangaika kutafuta neno hukimbilia sentensi aliyokariri. Wabishane kwanza, Kiingereza kije wakati wa kuandika.

Kwenye kusahihisha nimebadili kitu kimoja tu: hoja isiyo na "kwa sababu" inapata nusu alama. Walilalamika sana.

Gharama ipo. Silabasi inabaki nyuma; pato la taifa nililimalizia Jumamosi, na mwalimu wa taaluma hakufurahi. Kwa hiyo sifanyi hivi kila wiki. Nasubiri Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, kisha nauliza swali moja: nauli ya bodaboda itafuata?

Mwezi mmoja petroli ilishuka, nauli ya hapa kwetu ikabaki palepale. Nilikusanya karatasi arobaini za kueleza kwa nini. Zilizofanana zilikuwa tatu.