Fedha za Televisheni na Klabu za Chini

SWALI: Ndanda yetu ilishuka daraja mwaka 2020, na mwaka uliofuata ukasainiwa mkataba mnono wa televisheni. Je, klabu za chini zinaathirikaje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mkataba wa Azam Media na shirikisho la soka nchini, TFF, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ni wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, hivyo Namungo ya Ruangwa, iliyopanda mwaka 2019, ilinufaika, ilhali Ndanda ilikwisha kutoka. Klabu iliyoshuka hupoteza mgawo huo huku gharama za basi, malazi na mishahara zikibaki, na wachezaji wake bora hufuata malipo kwingine. Tena kuna hasara ya mlangoni, ambayo mimi naiona kubwa zaidi: jioni Simba au Yanga inapoonyeshwa, vibanda umiza, yaani vibanda vya kutazamia mpira kwenye televisheni, hujaa hadi watu wakasimama, na majukwaa ya uwanja wa Ndanda, Nangwanda Sijaona, yakabaki na mashabiki wachache waliokalia magazeti yao. Uingereza, klabu zilizoshuka kutoka Ligi Kuu huendelea kulipwa kwa muda, na madaraja ya chini hupata fungu lao. Nasi tunastahili utaratibu kama huo, ukiandikwa ndani ya mkataba wenyewe.