Kabla hujalipia eafoni, jaribu vipira vyake

Meli ya kutoka Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, inatumia kama saa tatu, na ukikosa nafasi juu ukakaa karibu na injini, ngurumo yake unashuka nayo kichwani. Mimi hupanda mara kwa mara, na muda huo ndio wangu wa kusikiliza vipindi nilivyopakua kwenye simu. Kwa miaka mingi nilikuwa nanunua eafoni za elfu tatu, elfu tano, halafu napandisha sauti mpaka mwisho ndipo nimsikie mtangazaji. Nikifika gatini, masikio yanavuma. Hali hiyo ilinitisha sana.

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4. Yaani kwenda na kurudi Ukerewe mara moja tu, kwa sauti ya namna hiyo, umeshapitiliza.

Dawa niliipata kwenye vile vipira laini vya mbele. Eafoni nzuri, hata ya bei ya chini, huja na saizi tatu, na watu wengi hawavibadilishi vile ilivyokuja navyo. Mimi sikio la kulia linataka cha kati, la kushoto linataka kidogo. Shika sikio kwa juu, livute kidogo kuelekea nyuma, kisha sukuma eafoni taratibu huku ukiizungusha. Kikikaa sawasawa utasikia dunia imerudi nyuma hatua moja: injini inabaki mbali, na besi uliyodhani haipo inajaa. Besi hupotea kwa sababu kipira hakijaziba tundu la sikio. Basi muuzaji akikuambia, "Dada, hii besi yake usipime," mwombe kwanza akuonyeshe vipira vya ziada. Kama havipo, mimi huwa naondoka.

Pale sokoni Makoroboi, Mwanza, jaribu kwa simu yako mwenyewe, usijaribu kwa simu ya muuzaji. Mdogo wangu alinunua eafoni za Type-C, zile zinazochomekwa kwenye tundu la chaji, zikaimba vizuri kwenye simu ya dukani, kufika nyumbani Igoma zikawa kimya kabisa. Si kwamba zilikuwa mbovu. Kuna simu zinazotoa sauti tayari kupitia tundu hilo, na kuna zinazotegemea eafoni yenyewe iwe na kifaa kidogo ndani cha kutafsiri sauti. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Simu yako ikiwa na tundu la duara la milimita 3.5, nunua za pini hiyo, uepuke usumbufu wote huo.

Ukishachomeka, weka sauti ya mtu anayeongea, usiweke muziki peke yake. Muziki wa kelele unaficha mengi. Sauti ya mtu ikikwaruza au ikisikika kama iko ndani ya ndoo, utaijua papo hapo. Halafu ukunje waya polepole pale unapoingia kwenye pini, maana ndipo nyingi zinapofia. Upande mmoja ukikatika hata kidogo, irudishe. Mpigie mtu simu pia, umuulize kama anakusikia katika kelele zile za sokoni.

Zangu za sasa nilizinunua elfu kumi na tano na zimevuka mwaka. Nazikunja kwa vidole vitatu bila kuzikaza, nazitia kwenye kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka, na kila wiki nasugua kile kiwavu cha mbele kwa mswaki mkavu, kwa sababu nta ya sikio ikiziba, sauti ya upande huo inafifia na mtu anadhani eafoni imekufa. Vipira vilivyobaki msivitupe. Changu kimoja kilidondoka ziwani pale gatini Nansio, na cha akiba ndicho kilichonirudisha Mwanza nikisikiliza.