Kuendesha gemu au kucheza? Angalia unawaza nini ukiwa njiani kurudi nyumbani

Jumamosi moja mwaka jana tulikua sebuleni kwangu Sinza, umeme umekatika tangu saa kumi jioni, tumeegesha simu mbili kwenye glasi za maji tochi zikiwa zinawaka ili mwanga usambae mezani, na dada mmoja wa kundi letu, ni nesi, akaniuliza kitu ambacho kwa miaka minne hakuna alieniuliza. "Kaka, we mbona huchezi? Kila siku unatuchezesha sisi tu. Hutamani?"

Nkamjibu fasta kua natamani sana ila hakuna mwingine wa kuendesha. Usiku nimelala nkaona kabisa kua nimemjibu uongo, sio kwa makusudi, ni vile tu sikuwahi kukaa nikajiuliza.

Kwa ambae hajawahi kuona haya mambo: gemu za kuigiza za mezani mnakaa watu wanne watano, kila mtu ana mhusika wake kamwandika kwenye karatasi, nguvu zake, udhaifu wake, alichobeba kwenye kikapu, afu kuna mmoja wenu hana mhusika. Huyo ndo anaeleza dunia ikoje, anaigiza kila mtu mnaekutana nae njiani, na anaamua saa ngapi dadu lirushwe. Ukisema "naruka ukuta" anakwambia rusha dadu la pande 20, namba ikiwa kubwa umevuka, ikiwa ndogo kuna balaa linakuja. Hakuna wa kushinda wala kushindwa kama kwenye drafti. Huyo muendeshaji kila gemu linampa jina lake, Dungeons & Dragons wanamuita Dungeon Master, Traveller ya mwaka 1977 wanamuita refa, sisi kwenye kundi letu tunamuita fanani, mana wote tulikaririshwa fasihi simulizi sekondari na neno limegoma kutoka. Fanani na hadhira. Ila hadhira ya hapa ikijibu, hadithi inageuka palepale na fanani hana cha kufanya.

Basi baada ya lile swali mshkaji wetu mmoja, fundi simu, akajitolea: miezi mitatu ataendesha yeye, kwake Tabata, na mi nikae upande wa wachezaji. Hii miezi mitatu nataka niielezee taratibu mana ndo imenifundisha kila kitu ninachotaka kukwambia leo.

Nlijiandikia mganga mzee ambae kakimbia kijijini kwake kwa deni. Nlimpenda kweli, nlimtengenezea hadi namna ya kukohoa kabla hajaongea. Wiki ya kwanza nkafurahi, wiki ya pili nkafurahi. Wiki ya tatu fundi akaniita pembeni wakati wenzetu wamefata chipsi mayai, akaongea kwa upole tu, "Bro, nikiwa naeleza chumba we unanimalizia. Sijui kama unajiona." Sikua najiona. Akaniambia pia nikikumbusha kanuni kila dakika wenzangu wanaacha kumtazama yeye wanaanza kunitazama mimi. Iliniuma, nkamuomba radhi, na kuanzia siku ile nkajipa sharti kwamba mdomo wangu mezani ni wa mganga tu, kanuni nitasema nikiulizwa. Sharti nlilishika. Wenzangu wakaniambia nimekua mchezaji mzuri.

Lakini sasa. Nikiwa kwenye daladala narudi Sinza usiku, kichwa kimeegemea dirisha, mganga wangu hakuwahi kunijia akilini hata mara moja. Nlichokua nawaza ni yule mlinzi wa ghala ambae fundi alimuigiza dakika mbili akampita, kwa nini alikua anachechemea, je tungemuuliza? Nlikua nawaza binti wa kwenye kundi alivyosita kabla hajafungua mlango, na nini kingekua nyuma ya ule mlango kama angechelewa. Yaani akili ilikua inatengeneza dunia, haikai ndani ya mtu mmoja.

Nkamuuliza yule dada nesi yeye akitoka kwenye gemu anawaza nini. Hakufikiria hata kidogo. Akasema zamu nzima ya usiku wodini huwa yuko na nahodha wake, yaani mhusika wake wa kwenye gemu, anajiuliza kama kumuacha mdogo wake bandarini ilikua sawa, anamtungia barua ambazo mezani hata hatuzisomi. Dunia nzima niliyoihangaikia mi kwake ni sehemu ya nahodha kuishi.

Ndo kipimo changu hicho, na nakiamini kuliko maswali ya "we ni kiongozi au mfuasi" ambayo watu wanapenda kuulizana. Mtu mpole asiependa kuongea mbele za watu anaweza kua fanani mzuri sana, fundi wetu ni mkimya na anaendesha vizuri, na muongeaji anaweza kua mchezaji hadi mifupani. Wewe angalia njiani unawaza nini. Ukiwaza mhusika wako, wewe ni mchezaji, usikubali kusukumwa. Ukiwaza wahusika wa wenzako na watu wadogo wadogo wa kwenye hadithi, jaribu kuendesha hata kama unaogopa.

Nikupe mfano wa raha yenyewe ilivyo. Mwaka juzi niliendesha hadithi ya Kilwa, nikaiweka miaka ile ambayo msafiri Ibn Battuta alipita pale, 1331, dhahabu ya Sofala inashuka bandarini na jumba la Husuni Kubwa liko kwenye genge linatazama bahari. Wachezaji ni mabaharia wa jahazi. Sikutaka kuwabana kwa saa wala siku kwa hiyo nikawabana kwa upepo: kaskazi imewaleta, kusi ndo itawarudisha Arabuni, na kusi haimsubiri mtu, ikiwapita mnalala Kilwa hadi mwaka mwingine. Nlikua nimechora ramani ya ghala, nimepanga zamu za walinzi, nimeandaa njia tatu za kuingia usiku. Wiki mbili hiyo kazi.

Wamefika mlangoni, yule dada nesi akasema nahodha wake anamuangalia mlinzi usoni, amelala huyu? Nkasema hapana, macho mekundu, kama mtu ambae hajalala siku nyingi. Akauliza kwa nini. Sikua nimeandaa. Nkasema mtoto wake ana homa. Basi ikawa hivyo, usiku mzima ule walienda nyumbani kwa mlinzi kumkanda mtoto, wakauza sehemu ya mzigo wao kununua dawa, kusi ikawapita, na wakabaki Kilwa mwaka mzima wa hadithi, sisi miezi mitano ya Jumamosi, wakiishi mtaani na familia ya yule mlinzi. Ramani yangu ya ghala ipo kabatini hadi leo haijaguswa. Sijawahi kua na furaha mezani kama usiku ule, kukaa unasikiliza watu wanachukua kitu ulichotamka bila kufikiri wanakifanya kiwe na uzito. Hiyo ndo ninayoitafuta, na nikiwa mchezaji naipata kidogo sana kwa sababu najua mganga wangu atafanya nini, mimi ndo nimemtunga.

Pamoja na hayo, kama wewe ni fanani kama mimi, nakuomba sana ukae kwenye kiti cha mchezaji angalau mara chache kila mwaka. Kuna mambo huwezi kuyajua ukiwa upande wa pili. Mfano kusubiri. Kwenye mapigano tulikua wachezaji watano, kila mtu na zamu yake dakika tatu nne, ukiongeza na maadui, kuanzia zamu yangu hadi zamu yangu nyingine ni dakika 20. Sasa mganga wangu alihitaji 11 kwenda juu kwenye dadu la pande 20, hiyo ni nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu ukikosa mara tatu mfululizo sio ajabu, inatokea mara 1 kati ya 8. Ila kukosa mara tatu ni saa nzima. Saa nzima nimekaa Tabata kwenye joto, sijafanya kitu! Fanani halioni hilo mana yeye anarusha madadu kila wakati. Tangu nirudi kuendesha, mtu akikosa lazima kuna kitu kinabadilika, upanga umenasa kwenye nguzo, adui kamgeukia yeye, taa imeanguka, asiniambie tu "nimekosa" afu tukaruka kwa mwingine. Na maadui nimewapunguza. Wachezaji wamesikia tofauti wenyewe, sikuwaambia.

Kitu kingine nlichokiona ni kwamba swali la fanani likiwa wazi mno linamchosha mtu. "Unafanya nini?" saa nne usiku baada ya siku nzima ya kazi na foleni ya Mandela ni swali gumu. "Mzee anakushika mkono, anataka ukae, unakaa au unatoa mkono?" hilo mtu analijibu.

Kwa ambae anapenda kucheza ila kundi limemtupia kuendesha kwa sababu ndo mwenye sebule au ndo mwenye vitabu: sema. Waambie kabisa kua unataka kucheza. Nimeona kundi moja la Mbezi limekufa kwa sababu hiyo, jamaa aliendesha mwaka mzima hapendi, akaanza kuchelewa, akaanza kuahirisha kisa mvua hata siku ambayo hakuna wingu, mwisho hakuna aliempigia simu mwenzake. Pangeni zamu, kila mtu aendeshe hadithi fupi ya jioni moja au mbili. Na zipo gemu hazihitaji fanani kabisa, Fiasco kwa mfano, imetoka 2009, mnagawana kuongoza onesho moja moja na inaisha jioni ileile. Kwa Dungeons & Dragons kanuni za msingi zinapatikana bure mtandaoni, na tangu Januari 2023 zipo chini ya leseni ya wazi ambayo inaruhusu hata kuzitafsiri, kwa hiyo habari ya "mwenye vitabu ndo aendeshe" haina mashiko. Madadu ya pande nyingi kama huna, programu za simu zinarusha.

Na usiogope kuhama upande. Dungeons & Dragons yenyewe ilizaliwa hivyo, kwa watu wawili walioitunga. Dave Arneson alikua anaendesha hadithi yake kule Minnesota, Marekani, mwaka 1972 akaenda Lake Geneva, Wisconsin, akamchezesha Gary Gygax, na Gygax baada ya kukaa kama mchezaji akaanza kuendesha ya kwake, wachezaji wake wa kwanza ni watoto wake wawili, Ernie na Elise. Miaka miwili baadae, 1974, kanuni zikachapwa, nakala 1,000 kwanza. Alianza kwa kukaa kwenye kiti cha mchezaji akasikia kinachomvuta.

Kama unataka kuanza kuendesha wiki hii, usiandike hadithi nzima. Andaa mahali pamoja unapopajua, mimi nawashauri watu waanze na mtaa wao, Kariakoo usiku maduka yamefungwa inatosha kabisa, watu watatu wanaotaka vitu tofauti, na kitu kimoja kinachoisha muda, kama ile kusi yangu. Mwisho usiuandae. Kila mara nlipouandaa mwisho nimejikuta nawavuta wachezaji kwa kamba kuelekea kule, na wanajua. Watu wanne wanatosha, watano ni wengi kwa mara ya kwanza, na chakula achange kila mtu, asibebe mwenye nyumba.

Kabla hamjaanza mkae nusu saa muulizane nini mtu hataki kukisikia mezani. Kwenye kundi letu kuna mtu alifiwa na mtoto na kama tusingeulizana, ule usiku wa mtoto wa mlinzi ungekua mbaya sana kwake. Alisema mwenyewe kua mtoto akiugua sawa, akifa hapana. Kwa hiyo yule mtoto hakufa, na sikurusha dadu kuamua hilo.

Juzi yule dada nesi kanitumia sauti WhatsApp, kasema anataka kuendesha mara moja tu, jioni moja, panton ya Kigamboni imezimika injini katikati ya maji na giza limeingia. Kasema anaogopa. Nimemwambia mi nitakuja na mvuvi, na kanuni sitazitaja hadi aniulize. Tumepanga Jumamosi saa tisa, kwake Mwenge.