Kuhamisha profaili za kompyuta kwenda domeni mpya

Umeuliza kwa nini mtumiaji akiingia kwenye domeni mpya (mtandao wa kompyuta na akaunti zinazosimamiwa na seva) anakuta eneo-kazi tupu, ingawa profaili yake, yaani folda ya mafaili na mipangilio yake, bado ipo C:\Users. Windows haimtambui mtu kwa jina bali kwa SID, yaani namba ya kipekee ya akaunti, na akaunti ya domeni mpya ina SID yake, hivyo inamwona kama mtu mpya. Kunakili mafaili peke yake hakutoshi: ruhusa za folda, na zile zilizo ndani ya NTUSER.DAT (faili la mipangilio ya mtumiaji), bado ni za akaunti ya zamani.

Zana ninayoiamini ni User Profile Wizard ya kampuni ya ForensiT. Inabadilisha ruhusa hizo palepale bila kunakili chochote na kuiunganisha profaili ileile na akaunti mpya. Kama kompyuta yenyewe inabadilishwa, tumia USMT, zana ya Microsoft ya kuhamisha profaili: amri ya scanstate kwenye ya zamani ili kukusanya data, kisha loadstate kwenye mpya ili kuirudisha, ikiwa na /mu inayoipeleka kwenye akaunti mpya.

Ila kwanza, tafadhali sana, toa nakala ya nywila za kivinjari na uondoe usimbaji wa EFS (ule wa Windows yenyewe) kwenye mafaili. Hivyo vimefungwa kwa akaunti ya zamani. Ukichelewa, huenda visifunguke tena. Uwe pia na akaunti ya msimamizi ya ndani (ya kompyuta yenyewe, si ya domeni) ambayo nywila yake umeijaribu, mtumiaji awe ametoka kabisa, na mpangilio wa DNS (huduma inayotafuta anwani za kompyuta kwa majina) uelekee seva ya domeni, la sivyo kompyuta haitaipata.