Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kupandikiza Samaki Katika Bwawa la Mtaa

SWALI: Ndugu Mshauri, mtaani kwetu kuna bwawa lililochimbwa zamani kwa ajili ya kukinga maji ya mvua. Urefu wake ni hatua 40, upana hatua 25 hivi, na katikati maji humfika mtu mzima kifuani. Maji yake ni ya kijani na mbu ni wengi. Wakazi tumechanga fedha za kununua vifaranga 3,000, nusu sato na nusu kambale, ili bwawa lipendeze na mbu wapungue. Je, idadi hiyo inafaa, na tuanzie wapi?

JIBU: Nimeisoma barua yenu mara mbili, na ombi langu la kwanza ni kwamba fedha hizo zikae kwa mhazini mwezi mmoja zaidi. Tukikadiria hatua ya mtu mzima kuwa sentimita 75, bwawa lenu lina urefu wa mita 30 na upana wa karibu mita 19, yaani eneo la mita za mraba 570 hivi. Vifaranga 3,000 ni zaidi ya samaki 5 katika kila mita ya mraba, na huo ni msongamano wa mfugaji anayewalisha kila siku, anayebadilisha maji na ambaye pengine ana mashine ya kuingiza hewa. Bwawa la mtaa, ambalo samaki wake hutegemea mwani, wadudu na viumbe vidogo vilivyomo majini, halipaswi kubebeshwa zaidi ya samaki 1 kwa kila mita ya mraba. Mimi ningeanza na sato 400, nikangoja niwaone wakikua, ndipo nifikirie kuongeza.

Sababu ya tahadhari hiyo ni hewa, kwa maana chakula kikipungua samaki hudumaa, lakini hewa ikipungua hufa usiku mmoja. Maji ya nyuzijoto 20 yaliyoshiba hewa hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni katika kila lita, na yakifika nyuzijoto 30 hubeba kama miligramu 7.5 tu, ilhali samaki mwenyewe huhitaji hewa zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Samaki wengi wa maji yasiyo na chumvi huishi vizuri oksijeni ikiwa miligramu 5 au zaidi, na ikishuka chini ya 3 huacha kula na kuanza kutaabika. Huo ukijani mnaouona ni mwani, ambao mchana hutengeneza oksijeni kwa msaada wa jua lakini usiku kucha huivuta kama samaki wanavyoivuta. Kwa hiyo bwawa linaloonekana salama kabisa saa 10 jioni linaweza kuwa limekwisha hewa saa 11 alfajiri, hasa baada ya siku mbili tatu za mawingu mazito.

Niliwahi kuitwa alfajiri kwenye bwawa la namna hiyo. Samaki walikuwa wamepanga midomo juu ya maji, kila mdomo ukifunguka na kufumba, na hata tulipopiga makofi hawakuzama. Waliokuwa wameelea pembeni, wamekwisha kufa, walikuwa sato wakubwa tu, na vidagaa vyao vilikuwa bado hai. Hiyo ndiyo alama ya upungufu wa hewa, kwa kuwa mkubwa huzidiwa mapema kuliko mdogo, wakati sumu kwa kawaida huua wadogo kwanza au huua wote pamoja. Waliopandikiza walidhani wameuziwa samaki wagonjwa. Hawakuuziwa wagonjwa, walikuwa wamewarundika samaki wengi mno katika maji yaliyojaa mwani, na hakuna aliyekuwa amelitazama bwawa hilo kabla jua halijachomoza.

Basi mwezi huo mmoja utumieni kulitazama bwawa. Mtu mmoja ashuke ukingoni penye kina cha kutosha, azamishe mkono wima polepole akiwa amekunja kiganja mbele, na aangalie maji yamefika wapi wakati vidole vinapotoweka machoni. Vikitoweka maji yakiwa karibu na kiwiko, mwani ni wa kiasi. Vikitoweka kabla maji hayajapita kifundo cha mkono, mwani umezidi, na kupandikiza katika hali hiyo ni kuwapeleka samaki kwenye alfajiri niliyoieleza. Kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Yakiwa ya rangi ya kahawia kwa sababu ya udongo, hakisemi lolote juu ya mwani, nanyi itabidi kwanza kupanda nyasi kwenye kingo zinazomomonyoka. Msijaribu kuuangamiza mwani wote kwa dawa, kwa kuwa mwani ukifa kwa pamoja huoza, na kuoza huko hula hewa yote iliyobaki. Ondoeni majani yaliyorundikana, punguzeni tope la chini lenye harufu ya yai viza, na fuatilieni mifereji inayomwaga humo ili mjue inaleta nini.

Suala la mifereji lina uzito wake. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi huja na oili ya barabarani, sabuni, samadi na mabaki ya dawa za kuulia wadudu, na zile za jamii ya pareto zinazotengenezwa viwandani, ambazo watu huzinyunyiza majumbani na bustanini bila wasiwasi, huua samaki hata zikiwa kidogo sana majini. Kwa hiyo kabla ya kununua vifaranga vyote, tengenezeni kizimba kidogo cha wavu, mtumbukize humo samaki 15 au 20, na mwacheni wakae wiki mbili, ikiwezekana mvua moja iwapitie. Gharama yake ni ndogo, na jibu lake halina ubishi.

Kuhusu nusu kwa nusu, hapana. Sato huanza kuzaa mapema, pengine akiwa na miezi mitatu hadi sita tu, jike huatamia mayai mdomoni na kuyalinda vizuri sana, na baada ya muda bwawa hujaa samaki wa ukubwa wa kidole wasiokua tena. Kambale wachache huzuia hali hiyo kwa kuwala watoto wa sato, na kwa maoni yangu kambale 1 kwa kila sato 10 wanatosha. Wapandikizeni kambale wiki kadhaa baada ya sato, tena wakiwa wadogo kuliko sato wenyewe, la sivyo wataanza na wale mliowanunua. Kumbukeni pia kwamba kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu ya maji, hivyo kambale kuwa mzima si ushahidi kwamba maji ni mazuri, na usiku wa mvua anaweza kutambaa juu ya nyasi zilizolowa akahama.

Na mbu? Samaki hula viluwiluwi wa mbu, lakini wale anaowafikia tu. Mbu hupenda kutagia kwenye kingo zenye maji ya kina kifupi na majani yaliyosongamana, mahali ambapo samaki haingii. Fyekeni kingo hizo na kuzichonga ziwe na mteremko wa kutosha, na mtaona nafuu hata kabla ya samaki kuwasili.

SWALI: Mimi hufuga samaki wa mapambo katika tangi nyumbani, na wamezidi. Jirani yangu naye anaweza kuvua samaki wa mtoni na kuwaleta hai. Kwa nini tununue vifaranga, na hawa wapo bure?

JIBU: Kwa sababu samaki akishaingia katika maji ya wazi ni vigumu mno kumtoa, na bwawa la mtaa huwa mara chache limefungika kabisa. Siku ya mafuriko maji yake huvuka ukingo, hufuata mfereji, na mfereji hufika mtoni. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Hadi kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi, na aina nyingi za furu, samaki wadogo ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, zilipungua vibaya au kutoweka. Gambusia, samaki mdogo aliyesambazwa katika nchi nyingi ili ale viluwiluwi wa mbu, amegeuka kuwa adui wa samaki na vyura wenyeji mahali pengi alikopelekwa. Hata yule wa dhahabu tunayemwona mdogo tangini hukua akawa mkubwa akipata bwawa, na hufukuafukua tope hadi maji hayatakati.

Huyo wa mtoni anaweza kuwa mwenyeji wa eneo lenu, lakini huja na vimelea na magonjwa yake, na mvuaji hana hakika kama wavu wake umeleta aina moja au tatu. Nunueni kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga kinachojulikana, chagueni aina ambayo tayari inaishi katika mito ya eneo lenu na inayostahimili baridi ya huko (sato, kwa mfano, hawezi kuvumilia maji ya nyuzijoto 10 kwa siku nyingi), na kabla ya yote ulizeni ofisi ya uvuvi iliyo karibu nanyi, kwa kuwa katika nchi nyingi kupandikiza samaki kwenye maji ya umma bila kibali ni kosa kisheria. Samaki wako wa mapambo mpe mfugaji mwenzako.

SWALI: Tulimwaga vifaranga bwawani adhuhuri, wote wakiwa wazima, na kesho yake tukaokota zaidi ya nusu wamekufa. Tulikosea wapi?

JIBU: Saa mliyochagua na haraka mliyokuwa nayo. Maji ya mfuko yaliyosafiri kivulini na maji ya juu ya bwawa saa 6 mchana yanaweza kupishana nyuzijoto kadhaa, na kifaranga hawezi kuvumilia badiliko hilo la ghafla. Safari nyingine agizeni wasipewe chakula kwa siku nzima kabla ya kusafirishwa, ili wasichafue maji ya mfuko, na wapelekeni bwawani asubuhi mapema au jioni. Mifuko ielee juu ya maji ikiwa imefungwa kwa dakika 20 hivi, kisha mfungue na kuongeza maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja kwa dakika 15 nyingine, halafu inamisheni mdomo wa mfuko ndani ya maji na mwacheni kifaranga atoke mwenyewe. Kama bwawa lilikuwa limejazwa siku hiyo hiyo kwa maji ya bomba, basi huenda klorini ndiyo iliyowamaliza, kwa sababu huunguza mashavu wanayopumulia.

SWALI: Watoto hupenda kuwatupia samaki mkate. Je, kuna ubaya?

JIBU: Kipande kidogo si kitu. Mfuko mzima kila jioni ni tatizo, maana kisicholiwa huzama, huoza na kula hewa ile ile ya alfajiri. Mkiwapa chakula, kiwe kiasi wanachokimaliza ndani ya dakika 5.

SWALI: Je, samaki wa bwawa la mtaa wanalika?

JIBU: Wanalika iwapo hakuna maji ya choo, ya gereji au ya kiwanda yanayoingia humo, na hilo msiliamini kwa kuangalia rangi ya maji. Madini mazito kama zebaki na risasi hayaonekani wala hayatoki kwa kupika. Pelekeni sampuli ya maji na ya samaki maabara kabla ya kuvua, na hadi majibu yatakaporudi, kila anayenasa samaki kwa ndoano amrudishe majini.