Mama Rose wa Gypsy: namna ya kuwalinganisha waigizaji wake bila kuzugwa na sauti

Kila igizo la muziki la Gypsy linaporudishwa jukwaani ubishi huwa ule ule: nani Mama Rose bora? Watu wengi huamua kwa noti ya mwisho, aliyeipasua zaidi ndiye mshindi. Lakini tangu 1959 nafasi hii imeshikwa na wanawake wenye sauti za kumtoa nyoka pangoni, na kila mmoja hufika kwenye noti hiyo kwa njia yake. Ukitaka kuwalinganisha kwa haki, sikiliza kwanza wanamwimbia nani.

Kwa asiyeijua hadithi: Rose ni mama wa Kimarekani wa miaka ya 1920 anayewazungusha binti zake wawili kwenye kumbi za maonyesho ya mchanganyiko, akitaka June awe nyota. June anatoroka, na Rose anamgeukia Louise, mtoto aliyekuwa akiwekwa nyuma siku zote. Huyo Louise ndiye anayekuja kuwa Gypsy Rose Lee, mwanamke aliyepata umaarufu kwa kuvua nguo jukwaani. Alikuwa mtu wa kweli, na igizo limetokana na kumbukumbu alizochapisha 1957. Muziki ni wa Jule Styne, maneno ya nyimbo ni ya Stephen Sondheim, na mazungumzo ni ya Arthur Laurents.

Anza na noti nne. Rose ana kauli yake ya kusema kwamba aliota ndoto, na Styne aliipa noti nne zinazorudi katika nyimbo tatu: “Some People”, “Everything's Coming Up Roses” na “Rose's Turn”. Mara ya kwanza anamwambia baba yake, huku Rose akimwomba dola 88. Mara ya pili anamwambia Louise, kwenye jukwaa la stesheni ya treni, June akiwa ameshatoroka. Mara ya tatu anawatajia June na Herbie, wakala na mpenzi wake, na wote wawili hawapo. Chukua rekodi mbili, sikiliza noti hizo nne tu mara zote tatu, kisha uhamie kwa mwigizaji mwingine. Kazi hii haifiki nusu saa, na itakufunza kuliko kusikiliza albamu nzima mara tano.

Utakachosikia ni hiki. Ethel Merman, wa kwanza kabisa, hubadilika kidogo sana kati ya mara ya kwanza na ya pili. Rose wake ana hakika na dunia yake, na hakika hiyo ndiyo inayotisha. Patti LuPone wa 2008 huanza na njaa, na inapofika mara ya tatu njaa imegeuka hasira. Imelda Staunton, aliyeicheza Chichester, Uingereza, 2014 na London 2015, huzibana noti hizo kwenye meno kama mtu anayedai deni.

Kabla hujaandika hukumu yoyote, sawazisha mizani. Kwanza, weka sauti za rekodi zote kwenye kiwango kimoja. Sikio humpendelea anayesikika kwa nguvu, na rekodi za karne hii husikika kwa nguvu kuliko za 1959. Pili, usiipime albamu dhidi ya video. Albamu hukata mazungumzo mengi, na Rose hujengwa kwenye mazungumzo. Tatu, zingatia aina ya sauti. Audra McDonald, aliyefungua Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Desemba 2024 na kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kucheza Rose huko, ni soprano, yaani mwenye sauti ya juu ya kike, aliyesomea uimbaji katika chuo cha Juilliard. Aliyezoea sauti ya kifua ya Merman, ile nzito na ya nguvu, akisikia McDonald amepanda kwenye sauti ya kichwa, ile nyembamba ya juu, atadhani nguvu zimemwishia. Rudisha nyuma usikilize ni neno gani alilokuwa akiliimba alipovuka. Mara nyingi ni pale Rose anapoanza kupoteza kitu, na hapo huyo mama aliyenyimwa jukwaa lake mwenyewe anakuwa na uzito ambao matoleo ya zamani hayakuwa nao.

Filamu ya 1962 iweke kando kabisa ukipima uimbaji, kwa sababu sehemu kubwa ya sauti unayosikia kwa Rosalind Russell iliimbwa na Lisa Kirk.

Kosa linalofuata ni kumsifu mwigizaji kwa kazi ya mwongozaji. Laurents mwenyewe aliongoza toleo la Angela Lansbury (London 1973, Broadway 1974), la Tyne Daly (1989) na la LuPone. Ukiona jambo lile lile kwa wote watatu, mshukuru yeye. Bernadette Peters, 2003, aliongozwa na Sam Mendes, na Rose wake anayemvuta Herbie kwa haiba lazima asomwe kwa jicho hilo.

Mfano mzuri ni kule kuinama kwa Rose mwishoni kushukuru makofi. Sondheim hakutaka “Rose's Turn” iishe kwa makofi. Mwanamke anayesambaratika mbele yetu hawezi kusimama akapokea pongezi. Mwalimu wake, mtunzi Oscar Hammerstein, akamshauri vinginevyo: watu wasipopewa nafasi ya kupiga makofi, hawataisikiliza sehemu ya mwisho, yaani mazungumzo ya mama na binti. Dawa ilipatikana 1973 kwa Lansbury. Wimbo unaisha, makofi yanalipuka, Rose anainama kushukuru. Makofi yanatulia. Yeye anainama tena, na tena, ukumbi ukiwa kimya, akitabasamu kwa watu ambao hawapo. Hapo ndipo mtazamaji anagundua kwamba makofi yake mwenyewe yalikuwa ndani ya kichwa cha Rose. Albamu haiwezi kukuonyesha hili. Ukipata video ya toleo lolote, angalia macho ya mwigizaji tangu anapoinama mara ya kwanza, na uone anakubali lini kwamba ukumbi ni mtupu.

Jambo la mwisho la kuangalia ni nyuso za wengine. Pale stesheni, Rose anapoimba kwa furaha kwamba Louise sasa ndiye atakuwa nyota, usimtazame yeye. Mtazame Louise na Herbie. Kama wamegeuka mawe, Rose ameifanya kazi yake. Mwaka 2008 Laura Benanti na Boyd Gaines walipata Tony, tuzo ya maigizo ya Broadway, pamoja na LuPone, na London Lara Pulver alipata Olivier, tuzo ya maigizo ya London, pamoja na Staunton, kwa hiyo sehemu ya sifa za akina Rose hao ni ya waliosimama kando yao.

Tuzo zenyewe zisikupe jibu. Merman alishindwa na Mary Martin kwenye Tony za 1960.

Kwa anayeanza leo, toleo la Staunton lilirekodiwa kwa video likiwa jukwaani katika ukumbi wa Savoy, London, kwa hiyo tazama hilo kwanza. Kisha sikiliza Merman, halafu McDonald, kwa mpangilio huo, ukifuata noti nne.