Oili yadondoka: tafuta juu kwanza

Ndugu yangu, umesema kila asubuhi wakuta doa la oili chini ya Probox, na fundi hapo Malindi ataka kushusha injini. Usikubali bado. Oili huteremka na upepo huisukuma nyuma, kwa hivyo inapodondokea mara nyingi sipo inapotokea.

Injini ikiwa baridi, isafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke kabisa. Washa dakika 15, uizime, kisha mulika tochi kuanzia juu. Gasketi ya tapeti kava (mpira unaoziba kifuniko cha juu ya injini) ndiyo mshukiwa wa kwanza; joto huufanya mpira ukakamae. Weka mpya. Tafadhali usirundike silikoni juu ya ile kuukuu: vipande vikimeguka huziba chujio ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kaza boliti kidogo kidogo kuanzia katikati, maana ukizikaza kupita kiasi hukatika. Kagua pia vali ya kupumulia, ile itoayo presha ndani ya injini; ikiziba, presha itavujisha hata gasketi mpya.

Oili ikitokea kwenye filta au boliti ya chini ya kumwagia oili chakavu, ni rahisi: badilisha filta, au washa (pete) ya boliti hiyo.

Ikitokea baina ya injini na giaboksi, huenda ni sili ya nyuma (mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini), mwachie fundi. Usiingie chini ya gari kwa jeki tupu, hasa kwenye mchanga. Taa ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo.